Kabla, kibla, kabila na kukubali: maswali ya wasomaji juu ya mzizi mmoja wa Kiarabu

SWALI: Asalaam aleikum. Hapa Ujiji tulikuwa tunazungumza barazani baada ya sala ya alasiri, na ndugu yetu mmoja akasema kwamba maneno kabla, kibla, kabila na kukubali yote yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu. Akaendelea kusema kwamba kwa hiyo kabila, kwa asili yake, ni watu waliokubaliana kuishi pamoja. Wengi wetu tulimpinga, kwa sababu hatukuona kinachounganisha wakati uliotangulia, upande tunaouelekea katika sala na jamii ya watu wa asili moja. Tunaomba mtuamulie. – Msomaji, Ujiji, Kigoma

JIBU: Waaleikumu salaam. Ndugu yenu yuko sahihi katika jambo la kwanza, lakini hitimisho alilolitoa halikubaliki, na nitaeleza yote mawili kwa urefu kwa sababu mzizi huu ni miongoni mwa mizizi iliyoipa lugha yetu maneno mengi tunayoyatumia kila siku bila kujua kwamba ni ndugu.

Kiarabu hujenga sehemu kubwa ya msamiati wake juu ya konsonanti, ambazo kwa kawaida ni tatu. Konsonanti hizo hubeba wazo la jumla, na maana mahususi hupatikana kwa kubadili irabu zilizo kati yake na kwa kuongeza viambishi vinavyofuata vigezo maalumu. Mzizi mliokuwa mkiujadili una herufi qaf, ba na lam, na wazo lake la msingi ni uso, au upande wa mbele wa kitu. Neno qubul katika Kiarabu ni upande wa mbele, na kinyume chake ni dubur, upande wa nyuma. Ukilishika wazo hilo la uso unaoelekea kitu, maneno yaliyobaki hujipanga yenyewe.

Anzeni na kukabili. Anayekabili kitu amekielekezea uso wake, iwe ni adui, mtihani au jua la saa nane. Nyumba iliyo mkabala na soko ni nyumba ambayo mbele yake inatazamana na mbele ya soko. Kibla ni kile kinachoelekewa, na katika fikra ya Kiarabu hakikuwa jina la upande fulani wa dira. Waislamu wa kwanza walisali wakielekea Yerusalemu, kisha katika mwaka wa pili wa Hijra wakaamriwa kuielekea Makka, na jambo hilo limetajwa katika sura ya Al-Baqara, aya ya 144. Hapa kwetu Tabora, Makka iko kaskazini, tena mashariki yetu kwa takriban digrii saba za longitudo, kwa hiyo anayesali huelekea kaskazini na kuinamia mashariki kidogo. Ninyi wa Ujiji, mlio magharibi zaidi, mnapaswa kuinamia mashariki kutuzidi sisi. Kwa kuwa Afrika Mashariki karibu yote iko kusini mwa Makka, Waswahili wa zamani walilitumia neno kibla hata kwa maana ya kaskazini yenyewe, matumizi ambayo Mwislamu wa Moroko, anayesali akielekea mashariki, asingeweza kuyaelewa.

Kabla nayo haiko mbali na hapo. Kilicho mbele katika safu ndicho kilichotangulia, na kilichotangulia kimekuwepo kabla ya vingine. Linaloshangaza zaidi, na ambalo sidhani kama mlilifikia pale barazani, ni kwamba neno mustakabali, ambalo kwetu ni wakati ujao, limetoka katika mzizi huohuo. Kitenzi cha Kiarabu istaqbala kina maana ya kutoka kwenda kumlaki mtu, kumpokea uso kwa uso, na mustaqbal ni kile kinacholakiwa, yaani siku zinazotujia nasi tumezielekea. Mzizi mmoja, basi, umezaa jina la wakati uliokwisha kutangulia na jina la wakati ambao haujafika, na hakuna mgongano wowote, kwa sababu neno la kwanza linatazama nafasi ya kitu katika safu na la pili linatazama uso wa mtu anayengoja.

Kukubali ni kupokea, na apokeaye humgeukia anayempa. Anayekataa humpa kisogo. Maana hii ya kupokea inaonekana waziwazi katika akdi ya ndoa ya Kiislamu, ambayo vitabu vya fikihi huigawa katika ijabu na kabuli. Walii, yaani msimamizi wa bibi harusi, au shehe aliyepewa uwakala, humshika mkono bwana harusi na kutamka kwamba anamwoza fulani kwa mahari yaliyotajwa. Hiyo ndiyo ijabu. Bwana harusi hujibu, mbele ya mashahidi, kwa Kiarabu qabiltu, au kwa Kiswahili nimekubali. Tamko la Kiarabu na la Kiswahili yamesimama hapo juu ya konsonanti zilezile tatu, na bwana harusi anayejibu kwa Kiswahili hajauacha mzizi wa aliyejibu kwa Kiarabu. Waarabu wameendelea mbele zaidi ya hapo: mkunga humwita qabila, kwa kurefusha irabu ya kwanza, kwa sababu yeye ndiye ampokeaye mtoto anapozaliwa, na busu huliita qubla, nyuso mbili zinapokutana. Hayo mawili Kiswahili hakikuyachukua. Mkunga tulikuwa naye katika lugha yetu wenyewe, na busu tulilipata kutoka Kiajemi.

Wanahisabati nao walichota hapohapo. Al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, aliita mbinu zake za kutafuta namba isiyojulikana al-jabr na al-muqabala. La kwanza ndilo lililotupa aljebra. La pili ndilo mkabala wetu, nalo lilikuwa na maana ya kuweka namba za aina moja uso kwa uso katika pande mbili za mlinganyo na kuondoa zinazolingana: ukiwa na 50 upande mmoja na 29 upande wa pili, unaondoa 29 kila upande, na upande wa kwanza zinabaki 21. Wanafunzi wetu wa sekondari hufanya mukabala kila wanapofungua daftari la hisabati.

Sasa nifike kwenye kabila, ambako ndiko ubishi wenu ulikosimama. Wanaleksika, yaani waandishi wa kamusi, wa Kiarabu wa zamani walieleza kwamba qabila, kwa kurefusha irabu ya pili, ni pia jina la kila kimoja kati ya vipande vya mfupa wa fuvu la kichwa, vinavyokabiliana na kushikana kwenye maungio yake, na kwamba wana wa baba mmoja waliitwa hivyo kwa kufananishwa na vipande hivyo. Wazo lililomo ni la sehemu zinazoelekeana na kuunda kitu kimoja. Suala la watu kuketi na kukubaliana halimo. Kurani, katika sura ya Al-Hujurat, aya ya 13, inasema kwamba watu wamejaaliwa kuwa mataifa na makabila ili wajuane, na hapo pia neno linalobeba sababu ni kujuana.

Ndugu yenu aliteleza mahali ambapo wengi huteleza. Aliona kwamba maneno mawili yana mzizi mmoja, akachukua maana ya moja akalivisha jingine. Undugu wa maneno huonyesha yalikotoka, lakini maana ya neno huthibitishwa na matumizi ya wasemaji wake. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu nimesikia hoja za namna hii zikitumiwa katika mihadhara na hata katika siasa, mtu akijenga hukumu juu ya jamii nzima ya watu kwa kutegemea asili ya jina tu, na hilo ni jambo la hatari.

SWALI: Katika dua, wengine husema "Mwenyezi Mungu azitakabali dua zetu" na wengine "azitakabari". Je, ni tofauti ya matamshi tu? – Msomaji, Isevya, Tabora

JIBU: Hapana. Ni maneno mawili yenye mizizi miwili, na tofauti yake ni kubwa sana. Kutakabali ni kupokea ibada au dua, nalo ni la mzizi tulioueleza hapo juu. Kutakabari ni kujikweza, nalo limetokana na mzizi wa kaf, ba na ra, uliotupa pia kiburi na takbiri. Mwanadamu akitakabari amefanya kosa. Kwa Mwenyezi Mungu, ukuu ni sifa yake, na Al-Mutakabbir ni mojawapo ya majina yake, lakini hata hivyo sentensi ya pili imepoteza ombi lililokusudiwa, kwa kuwa ndani yake hakuna anayeombwa kupokea chochote.

Chanzo cha mkanganyiko ni kwamba wengi wetu wa bara tumekulia katika lugha ambazo hazitenganishi l na r kama Kiswahili kinavyozitenganisha. Lakini iko sababu nyingine, ambayo haituhusu sisi wa bara peke yetu. Kiarabu kina qaf inayotamkwa nyuma kabisa ya kinywa, na kina kaf inayotamkwa kama k yetu, ilhali maandishi ya Kiswahili cha leo yameziandika zote mbili k. Kwa sababu hiyo haiwezekani kuutambua mzizi wa Kiarabu kwa kutazama tahajia ya Kiswahili. Wahubiri hupenda kuliambatanisha neno kiburi na neno kaburi, na mafundisho yao huweza kuwa mema, lakini kaburi ni la qaf na kiburi ni la kaf. Vivyo hivyo kukabidhi na stakabadhi, ambayo baadhi ya wasomaji wameniuliza kama ni ndugu wa kukubali, ni ya mzizi wa qaf, ba na dad, wenye wazo la kushika mkononi.

SWALI: Wazee wetu waliosoma enzi za Ujamaa hutumia neno kabaila kama tusi. Linahusiana na kabila? Na je, maneno haya tuliletewa na Waarabu waliokaa Tabora? – Mwanafunzi, Tabora

JIBU: Linahusiana moja kwa moja. Katika Kiarabu, qaba'il ni wingi wa qabila, yaani makabila. Kiswahili kililichukua neno hilo la wingi na kulifanya jina la mtu mmoja, mtu wa ukoo mkubwa mwenye ardhi na watu chini yake, kisha kikalipa wingi wa Kibantu, makabaila. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipoukataa ubepari na ukabaila, neno hilo likaingia katika midomo ya watu wote likiwa na maana ya mnyonyaji anayeishi kwa jasho la wanaolima ardhi yake. Mwarabu wa leo hawezi kuifahamu maana hiyo kwa kulisikia neno tu. Ni yetu.

Kuhusu njia yaliyopitia, maneno mengi ya namna hii yalikuwa yamekwisha kuwa Kiswahili huko pwani kabla misafara ya karne ya 19 haijaimarisha barabara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Waarabu wa Omani walikaa Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, na Ujiji, ni kweli, lakini lugha iliyotembea katika misafara ilikuwa Kiswahili, na Wanyamwezi waliobeba mizigo hadi pwani na kurudi walikuwa miongoni mwa walioisambaza. Ushahidi umo katika maneno yenyewe. Sisi husema kukubalika, kukubaliana, makubaliano, kukabiliana, ukabila, na huo ni unyambuaji wa Kibantu mtupu. Neno kibali limekwenda mbali zaidi: silabi yake ya kwanza imechukuliwa kuwa kiambishi cha ngeli, na wingi wake ukawa vibali, kama kitabu na vitabu.

Kwa kuwa wewe ni mwanafunzi wa Tabora, nikupe mfano kutoka historia ya mji wako. Januari 1958, TANU ilifanya hapa mkutano wake mkuu, ikikabiliwa na masharti ya uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimtaka kila mpiga kura kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wajumbe wengi hawakuyapenda masharti hayo. Mwalimu Nyerere aliwashawishi wakubali kushiriki, kwa kuwa aliuona mustakabali wa madai ya uhuru ukiwa hatarini endapo chama kingesusa. Kukabiliwa, kukubali na mustakabali: katika kulisimulia tukio hilo moja nimeutumia mzizi wetu mara tatu bila kulazimisha.

SWALI: Mwalimu wetu alinisahihisha nilipoandika "kabla nilifika". Kosa liko wapi? – Mwanafunzi, Kigoma

JIBU: Mwalimu wako yuko sahihi. Baada ya kabla, Kiswahili sanifu hutumia ama kiunganishi ya pamoja na kitenzijina, kama katika "kabla ya kufika", ama kitenzi cha kukanusha chenye -ja-, kama katika "kabla sijafika". Kiarabu hakikanushi hapo. Husema qabla an na kufuatisha kitenzi cha kuyakinisha. Ukanushi huo tumeuweka sisi, kwa sababu wakati unaozungumziwa tendo lilikuwa bado halijatendeka. Andika, kwa mfano, "Treni iliondoka kabla sijafika stesheni" au "Treni iliondoka kabla ya mimi kufika stesheni", na zote mbili ni sahihi.