Maswali ya Wasomaji: Kumuaga Mwenzetu wa Sokoni

SWALI: Mwenzetu aliyeuza nafaka sokoni kwetu kwa miaka mingi amefariki. Alipendwa sana na alikopesha watu wengi. Familia imetupa nafasi ya kusoma risala mazikoni. Tuandike nini? – Wafanyabiashara wa soko, Morogoro

JIBU: Poleni sana kwa msiba. Dakika 3 zinatosha. Msomaji asiye na haraka humaliza maneno kama 350 kwa muda huo. Chapeni herufi kubwa, kurasa 2 zenye namba, upande mmoja tu, maana makaburini kuna jua na upepo.

Msirudie wasifu. Kuzaliwa, ndoa na watoto iachieni familia. Hasa idadi ya watoto: hukosewa mara nyingi, na mtoto aliyeachwa kutajwa siku ile haisahau.

Ninyi lisemeeni soko. "Alikuwa mtu wa watu" husemwa kwa kila marehemu. Semeni alifungua saa ngapi, mizani yake ilikuwaje, kama alimlipa mkulima kwa kilo badala ya lumbesa (gunia lililojazwa kupita kipimo), vijana wangapi walianza kwa gunia alilowapa bila fedha mkononi na leo wana vibanda vyao. Hayo ndiyo yatakayowafanya watu waitikie kwa vichwa. Mwaka alioanza biashara utafuteni kwenye leseni ya zamani au kwa majirani wawili wa kibanda; wakitofautiana, andikeni "zaidi ya miaka 20" kama wote wanaafiki hilo.

Msiwataje aliowakopesha. Wala msiseme "alisamehe madeni" kwa kuwa tu mlimzoea hivyo. Kauli hiyo ikishatoka kwenye kipaza sauti, wadaiwa wataishika na mjane atahangaika nayo. Kisha mpeni mtu mmoja wa familia aipitie risala usiku wa kuamkia mazishi.

Kama marehemu ni Mwislamu, maziko huja upesi; muulizeni imamu, na ikibidi risala isubiri hitima.

Mkitaka kufunga soko kwa heshima yake, fungeni tangu mwili unapotoka nyumbani hadi mnaporudi. Wenye nyanya na mboga wauze alfajiri, zisije zikaoza.

SWALI: Marehemu alikuwa ananidai sh. 180,000 za maharage. Nimpe mjane mkononi?

JIBU: Rambirambi na deni ni vitu viwili. Rambirambi mpe leo, kupitia mweka hazina wa msiba, na jina lako liandikwe. Ukiona mjane ana shida, iongeze.

Deni ni sehemu ya mirathi. Liandike: kiasi, bidhaa, tarehe uliyokopa, utie sahihi mbele ya mashahidi 2 na uipe familia nakala. Lipa pale mahakama itakapomteua msimamizi wa mirathi. Akuoneshe barua ya uteuzi, akupe stakabadhi. Wahi kuandika, kwa sababu msimamizi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo ana miezi 4 ya kuwasilisha orodha ya mali na madeni, isipokuwa mahakama imwongezee muda.

Usitume fedha kwenye simu ya marehemu. Yeyote anayeijua namba ya siri atazitoa, nawe utadaiwa tena.

Na daftari lake la mikopo lishughulikiwe leo hii. Msibani huingia watu wengi na vitu hupotea. Pigeni picha kila ukurasa, pigeni mstari chini ya deni la mwisho, kisha ndugu mmoja na jirani mmoja wa kibanda watie sahihi hapo, ili asije mtu akaongeza jina au kulifuta.