Jinsi Ninavyozuia Mifano ya Majaribio Kuzeeka

Wiki iliyopita niliandikiwa na dada mmoja aliyeanza kazi ya kupima programu katika ofisi ya huku Westlands, Nairobi. Alikabidhiwa mwongozo wa majaribio, akaambiwa aufuate. Mfano wa kwanza ukagoma, wa pili nao ukagoma, na kufikia jioni alikuwa ameshaamini kwamba tatizo ni yeye. Aliniuliza kama kazi hii inamfaa kweli.

Dada yangu, kazi inakufaa sana. Mstari ulionitumia unaita `find_element_by_id`. Njia za aina hiyo, za kutafuta kitu kwenye ukurasa wa wavuti, ziliondolewa katika toleo la 4.3, mwaka 2022, kwenye Selenium, zana ya kuendesha kivinjari wakati wa majaribio, kwa lugha ya Python; siku hizi tunaandika `find_element(By.ID, ...)`. Aliyeuandika mwongozo huo alikuwa sahihi siku alipouandika. Wanaostahili lawama ni wanaoendelea kuwapa wageni mwongozo ambao wao wenyewe hawajaufungua kwa miaka.

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu vita hivi nimevipigana. Nilifanya kazi katika kampuni iliyotengeneza programu ya mishahara. Mwongozo wetu ulikuwa na mfanyakazi wa mfano, mshahara shilingi 100,000, na kila jaribio lilipita kwake. Makato yake ya NHIF, yaani bima ya afya ya taifa ya wakati huo, yaliandikwa 1,700. Nilipoona sheria zinabadilika, niliomba muda wa kupitia mifano yote. Mkubwa wetu akanijibu mbele ya timu nzima kwamba wapimaji hawalipwi kuandika insha. Watu wakacheka. Sijasahau.

Oktoba 2024 NHIF ikaondoka, SHIF, mfuko mpya wa bima ya afya, ikaingia kwa asilimia 2.75 ya mshahara wote. Mfanyakazi wetu wa mfano sasa anakatwa 2,750. Programu ilirekebishwa kwa wakati, lakini mwongozo uliachwa ulivyo. Mhasibu wa mteja mmoja akalinganisha hati za mshahara na ule mfano, akatuandikia kwamba tunawaibia wafanyakazi wake. Siku nzima ilipita tukithibitisha kwamba programu ni sahihi na karatasi yetu wenyewe ndiyo inayosema uongo. Baada ya hapo hakuna aliyetaja insha tena, na ule muda nikapewa.

Nilichofanya si uchawi. Nilihakikisha kwamba kila mfano ulio kwenye mwongozo unaendeshwa na mashine kila usiku, pamoja na majaribio mengine. Python inayo zana iitwayo doctest tangu toleo la 2.1 la mwaka 2001: inasoma mfano ndani ya maandishi, inauendesha, inalinganisha jibu na lile lililoandikwa. Lugha ya Go inalinganisha matokeo ya mfano na jibu lililoandikwa kwenye maelezo yaliyo chini yake. Lugha ya Rust huendesha mifano ya nyaraka kila unapoandika amri ya `cargo test`. Zana zipo, na ni za bure. Mfano ukianguka, mabadiliko hayapokelewi mpaka aliyeyaleta aurekebishe. Sharti hili usilegeze hata kwa rafiki.

Mwezi uliopita kijana aliyekuja kwa mafunzo kazini aliendesha mwongozo wetu wote kabla ya chakula cha mchana siku yake ya kwanza. Hakumwuliza mtu yeyote swali. Nilijivunia siku ile kuliko siku niliyopandishwa cheo.

Lakini hapa ndipo wengi wanapolala. Mfano unaoanguka ni rahisi, kwa sababu unapiga kelele. Unaonitia hofu ni ule unaopita ilhali umezeeka. Programu nzuri ya mishahara inakumbuka viwango vya zamani, maana ni lazima iweze kukokotoa hati ya Agosti 2024 hata leo. Kwa hiyo mfano wa NHIF wenye tarehe ya Agosti 2024 utapita milele, mgeni ataunakili, na atajifunza sheria iliyokufa. Chukua ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5: ulianza 2023, ukasimamishwa na mahakama Januari 2024, ukarudi kwa sheria mpya Machi mwaka huo. Kisha Desemba 2024 sheria ikaruhusu makato ya SHIF na ya nyumba yatolewe kabla ya kukokotoa PAYE, kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara. Mshahara ni ule ule, mtu ni yule yule, lakini majibu ni tofauti kabisa kulingana na mwezi. Hata VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ilishuka kutoka asilimia 16 hadi 14 Aprili 2020, ikarudi 16 Januari 2021, na nimekutana na miongozo iliyobaki na ile 14.

Ndiyo maana kila mfano wetu wenye kiwango cha serikali una tarehe ya mshahara ikionekana wazi, na sentensi moja inayosema ni sheria ipi inayotumika. Ile ya zamani tumeiweka katika ukurasa wake, chini ya kichwa kinachosema ni ya historia. Bajeti inaposomwa kila Juni, mmoja wetu huwa na jukumu la kupitia kurasa hizo, na jina lake limeandikwa juu ya ukurasa. Jina la mtu, si la timu. Kazi iliyoachiwa timu nzima haifanywi na mtu yeyote.

Angalia na namba za simu. Mifano mingi bado ina namba zinazoanza na 07 tu, kwa hiyo jaribio linapita hata kama fomu inamkataa mteja wa 01, na namba hizo zipo tangu 2019. Ongeza mfano mmoja wa 01 leo hii.

Nanyi viongozi wa timu, acheni kuwapa wageni kazi hii kama adhabu. Mgeni hajui kipi ni kweli. Mpeni anayeijua programu kuliko wote, na mumhesabie muda huo kama kazi. Na asiwepo wa kumcheka.

Wewe dada, usijaribu kurekebisha mwongozo mzima. Anza na ukurasa wa kusakinisha, kwa sababu ndio unaowakwamisha wote wanaokuja nyuma yako. Ukikuta aya ya kupakua kwa mkono chromedriver, dereva inayoiwezesha Selenium kuendesha kivinjari cha Chrome, sasisha Selenium kisha uifute aya hiyo: tangu toleo la 4.6 la Novemba 2022, Selenium inajitafutia dereva yenyewe. Halafu badilisha mistari ya `find_element_by`, endesha kila mfano, na umpelekee msimamizi wako mabadiliko hayo yakiwa na jina lako. Akikataa kuyapokea, niandikie tena.