Mdogo wangu anakwenda kuwa mkimbiaji wa chuo Marekani. Asaini tangazo la TikTok?

SWALI

Dada, mimi ni mwalimu wa sekondari huku Elgeyo-Marakwet. Mdogo wangu wa kike, mwenye miaka 19, amepata ufadhili wa masomo ili awe mkimbiaji wa timu ya chuo kimoja huko Marekani. Anaondoka Agosti, na mahojiano ya viza ni mwezi ujao. Ana akaunti ya TikTok yenye wafuasi elfu 60 wanaopenda video zake za mazoezi. Duka moja la viatu vya michezo Nairobi limempa mkataba wa mwaka mmoja: video 2 kila mwezi, shilingi 15,000 kwa kila video, na viatu juu yake. Kocha wake mpya amemwambia asisaini chochote kwanza. Rafiki zake wanasema siku hizi wanamichezo wa vyuo vya Marekani wanalipwa matangazo, kwa hiyo asiogope. Mjomba wetu naye anasema afute akaunti yote kabla ya kwenda ubalozini. Tufuate la nani?

JIBU

Mwalimu, hongereni sana nyumbani. Kati ya hao watatu, mfuateni kocha. Rafiki zake wamesema kweli, ila ni kweli ya kijana mwenye pasipoti ya Marekani. Mjomba, kwa heshima zote, ametoa ushauri unaoweza kumnyima msichana viza.

Nianze na pesa. Tangu tarehe 1 Julai 2021 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo kule, kimewaruhusu wanamichezo kulipwa kwa jina na sura zao. Kabla ya hapo, tangazo moja tu lingeweza kumwondoa mtu mashindanoni. Mwaka 2025 mambo yalifunguka zaidi: mahakama iliidhinisha makubaliano ya kesi iitwayo House, ya wanamichezo dhidi ya NCAA, na vyuo vyenyewe vikaruhusiwa kuwalipa wanamichezo wao moja kwa moja. Hayo ndiyo rafiki zake wanayoyaona kwenye simu. Wasiloliona ni ile karatasi iliyobandikwa ndani ya pasipoti.

Mdogo wako ataingia kwa viza ya F-1, viza ya mwanafunzi. Mwenye viza hiyo anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo, isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati masomo yanaendelea. Kazi ya nje ya chuo inataka kibali maalumu. NCAA inatunga sheria za michezo. Sheria za uhamiaji ni za serikali, na ruhusa ya mmoja haimfungi mwingine. Akirekodi tangazo akiwa bwenini kwake kule, atakuwa amefanya kazi akiwa katika ardhi ya Marekani, hata kama duka liko Nairobi na pesa zimeingia kwa M-Pesa ya mama. Na msidhani viatu ni zawadi. Kiatu unachopewa ili ukionyeshe ni malipo.

Likijulikana, chuo chenyewe kina wajibu wa kuripoti. Rekodi yake katika SEVIS, mfumo wa serikali unaofuatilia wanafunzi wa kigeni, inaweza kufungwa, na ikifungwa anapoteza masomo, timu na haki ya kukaa nchini kwa mpigo mmoja. Mwenzake Mmarekani akikosea kwenye tangazo, huenda akakosa mechi kadhaa tu. Wake mzani ni mwingine kabisa, na hilo ndilo ninalotaka mlishike kuliko mengine yote humu.

Mfano mzuri ni wa Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi. Mwaka 2022 alitangazwa mchezaji bora wa mpira wa kikapu wa vyuo Marekani nzima, akiwa na timu ya Kentucky. Kampuni zilimtaka, lakini alikuwa na viza ya mwanafunzi, kwa hiyo wakati wenzake wakipiga picha za matangazo palepale chuoni, yeye hakuweza kufanya kama wao. Agosti mwaka huohuo timu ilipokwenda Bahamas kucheza, alitumia siku hizo kufanya kazi zake za matangazo, kwa sababu alikuwa nje ya mipaka ya Marekani. Mchezaji bora wa nchi nzima, na bado alisubiri kuvuka bahari.

Sasa turudi kwenye mkataba wenu. Ubaya wake uko kwenye tarehe. Msichana yuko nyumbani hadi Agosti, na hapa anafanya kazi halali kama Mkenya yeyote. Rudini dukani muombe mkataba mfupi: video zirekodiwe hapa, ziwekwe mtandaoni angali hapa, alipwe hapa, na kila kitu kiishe kabla hajapanda ndege. Kusiwe na kipengele cha kuendelea kuposti akiwa kule, wala cha "duka linaweza kutumia akaunti yake" baadaye. Rasimu hiyo aitume kwa ofisi ya chuo inayosimamia sheria za NCAA, aandikiwe jibu kwa barua pepe, ndipo asaini. Wanamichezo wa daraja la kwanza la NCAA wanatakiwa kuripoti mikataba ya dola 600 na zaidi, na huo wenu wa shilingi 360,000 kwa mwaka umeupita mstari huo mbali. Duka likikataa kufupisha, aliache. Najua shilingi 15,000 ni karo ya mtu. Bado nasema aliache.

Mimi mwenyewe nilikuwa mkimbiaji wa chuo cha huko, na nilijifunza kwa kuungua. Nikiwa mwaka wa pili, wikendi moja nilikwenda kumsaidia mama mmoja wa kwetu mwenye mkahawa. Nilivaa aproni, nikabeba sahani, rafiki akanipiga picha, nikaiweka Facebook na maneno "Kazi ni kazi." Hakuna aliyenilipa hata senti. Jumatatu niliitwa na afisa wa wanafunzi wa kigeni, na nilikaa wiki 3 nikieleza kwamba picha ile haikuwa kazi. Ushahidi dhidi yangu niliuandika mwenyewe, tena kwa furaha. Nililia sana wiki zile, na ndiyo maana leo kila msichana anayepita mikononi mwangu namwomba tukae saa nzima na simu yake kabla hatujagusa fomu yoyote.

Hilo linanileta kwa mjomba. Tangu 2019 fomu ya viza, DS-160, inauliza majina ya akaunti za mitandao ulizotumia kwa miaka 5 iliyopita. Akaunti iliyofutwa jana imo ndani ya miaka 5. Akiiacha bila kuitaja, ametoa taarifa isiyo kamili mbele ya serikali ya kigeni, na hilo hufuatana na mtu hata akiomba viza tena akiwa na miaka 30. Tangu Juni 2025, zaidi ya hapo, waombaji wa viza za wanafunzi wameagizwa waache akaunti zao wazi, zisiwe za faragha, ili maafisa wazisome. Kwa hiyo akaunti ibaki, iandikwe kwenye fomu, iachwe wazi.

Kinachofaa ni kuzisoma posti zake zote, wewe na yeye, kuanzia ya kwanza kabisa. Mtafute mambo yanayogongana na karatasi. Je, kuna keki ya kutimiza miaka 21 wakati pasipoti inasema ana 19? Kuna picha ameshika ile hundi kubwa ya kadibodi baada ya mbio za barabarani, na kwenye fomu za NCAA hakutaja zawadi yoyote? Picha ya hundi si dhambi, aliishinda kwa miguu yake. Dawa yake ni kuitaja kwenye fomu na kuieleza chuoni, wala si kuificha. Kuna mbio alizokimbia baada ya kumaliza kidato cha nne ambazo hakuziorodhesha? Tarehe za posti husema.

Halafu kuna maneno ya utani. "Bye bye Kenya, sirudi tena!" Wewe na mimi tunacheka, tunajua ni furaha. Lakini sheria ya viza ya F-1 inamtaka mwombaji amridhishe afisa kwamba akimaliza masomo atarudi kwao. Sentensi hiyo moja imejibu swali la afisa kabla hajaliuliza. Wala msitegemee kwamba ameandika kwa Sheng au Kikalenjin. Ubalozini Nairobi wanafanya kazi Wakenya wenzetu. Angalieni hasa posti za msimu wa uchaguzi, maana hapo ndipo vijana wetu huandika juu ya kabila la jirani maneno ambayo wasingeyasema wakiwa wamekaa naye matatu moja. Hayo yafutwe, na msichana aelezwe kwa nini yalikuwa mabaya tangu siku ya kwanza, viza au hakuna viza. Kuhusu maoni yake ya siasa, sitamwambia kijana asiwe nayo. Ajue tu kwamba yatasomwa, aamue mwenyewe akiwa na macho wazi.

Na siku viza ikitoka, tafadhali, asiipige picha. Nimeona vijana wakiposti ukurasa wa viza pamoja na I-20, ile barua ya chuo, yenye tarehe ya kuzaliwa na namba ya SEVIS. Ni kumpa tapeli kila anachohitaji. Apige picha na mama kwenye uwanja wa ndege. Inatosha na inapendeza zaidi.

Akishafika, hatari zinabadilika sura. Posti za utotoni hufukuliwa siku mtu anapong'aa, si siku anaposhindwa. Desemba 2018 Kyler Murray wa Oklahoma alishinda tuzo ya Heisman, kubwa kuliko zote katika futiboli ya vyuo, na kabla usiku haujaisha watu walikuwa wameibua tuiti za matusi alizoandika akiwa na miaka 14 na 15. Alilazimika kuomba radhi usiku wa ushindi wake. Mambo kama hayo yalimkuta Donte DiVincenzo wa Villanova, Aprili mwaka huohuo, baada ya kufunga pointi 31 katika fainali ya mpira wa kikapu wa vyuo. Mtu hukaa na skrinshoti akisubiri.

Watu wa kubeti ndio wanaonitia hofu zaidi sasa. NCAA inakataza wanamichezo kubeti michezo, na inakataza kuwapa habari za ndani wanaobeti. Yeye atasema habeti, na ni kweli. Lakini ataandikiwa inbox na mtu mpole: "Hongera kwa mbio za jana. Yule mwenzako wa mita 5,000 goti limepona?" Hiyo ndiyo habari ya ndani. Asijibu, apige skrinshoti, ampelekee kocha. Wala yeye mwenyewe asiandike usiku wa kuamkia mashindano kwamba nyonga inamuuma. Riadha haijaachwa nje: Juni 2025 mtu mmoja alijigamba mtandaoni kwamba alimzomea mkimbiaji wa Marekani Gabby Thomas kule Philadelphia ili ashindwe na beti yake ikubali, na kampuni ya kubeti ya FanDuel ikamfungia. Akianza kutukanwa na watu wa namna hiyo, asijibizane nao. Afunge komenti, ahifadhi ushahidi, aripoti chuoni. Matusi mengine yanamhusu mtu aliyepoteza hela, wala hayamhusu yeye.

Kocha akitaka kumfuata mitandaoni, sawa. Akitaka nenosiri, hapana. Majimbo kadhaa, California miongoni mwao, yana sheria tangu 2012 inayokataza vyuo kumdai mwanafunzi nenosiri la akaunti yake binafsi. Aulize kwa upole kama jimbo lake nalo linayo.

La mwisho ni Strava, programu ya simu inayorekodi mbio na ramani yake, maana wakimbiaji wetu wote wanaitumia na hawaihesabu kama mtandao wa kijamii. Msichana anayekimbia peke yake njia ileile kila alfajiri, ramani ikiwa wazi, amewaambia watu asiowajua anapolala na saa anayotoka. Olivia Dunne, aliyekuwa mwanajimnastiki wa chuo cha LSU mwenye wafuasi mamilioni, alifuatwa na umati Utah mnamo Januari 2023, ukavuruga mashindano hadi chuo kikaongeza ulinzi. Huyo alikuwa na timu nzima pembeni yake. Wako atakuwa na viatu vyake tu. Aingie kwenye mipangilio ya faragha, afiche mwanzo na mwisho wa kila mbio, na video za mazoezi aziweke akisharudi nyumbani, zisizoonyesha jina la barabara. Aanze leo huko kwenu, kwa ile njia ya saa 11 alfajiri, asisubiri Agosti.