Mchaichai wa mama kando ya tanki

*Shangazi, nina miaka 34, nimeolewa, na naishi ghorofa ya nne hapa Umoja. Mama alituacha mwezi wa Februari, na tangu hapo usingizi umenihama. Napata lepe saa nane usiku, saa kumi na moja niko macho kuwahi matatu, na mchana kutwa najikaza kwa strungi, chai ya rangi isiyo na maziwa. Jirani ananishauri nipande mitishamba kwenye mikebe ninywe chai yake, ati roho itatulia. Mume wangu anacheka, anasema shamba la mtu wa Nairobi ni soko la Marikiti. Je, najidanganya? Mama mwenyewe alikuwa na mchaichai kando ya tanki la maji kule kwetu Murang'a. – Asiyelala, Umoja*

Pole sana, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye sentensi ya mwisho, ile uliyoidondosha kama jambo la kupita tu. Umeniuliza habari za usingizi, lakini mimi naona msiba ambao haujapata pa kukaa.

Strungi kwanza, maana hilo ni jepesi. Majani ya chai yana kafeini, kile kinachofukuza usingizi, na kwa watu wengi nusu ya ile uliyokunywa saa kumi na moja jioni bado inazunguka mwilini saa nne usiku. Kikombe cha mwisho kiwe cha adhuhuri. Mchaichai hauna kafeini, kwa hiyo jioni unywe bila wasiwasi.

Sasa mimea. Sitakudanganya kwamba mchaichai hutibu majonzi. Ninachokitaka kwako ni ile kazi yake ndogo. Asubuhi unachoma udongo kwa kidole mpaka fundo la kwanza: ukiwa mkavu unamwagilia, ukiwa na unyevu unauacha. Kwa dakika hizo simu huishiki, mkono una matope. Jioni unakata majani vipande vipande, maji yakichemka unayatia, unazima moto, unafunika sufuria na kungoja dakika kama kumi. Usiondoke jikoni. Ukifunua, ule mvuke utakupiga usoni na huenda ukalia. Lia, mwanangu. Tangu Februari umekuwa ukikimbilia matatu tu.

Usinunue mche. Nenda Murang'a. Kichaka cha mchaichai hugawanywa: chimba pembeni, ng'oa mashina matano au sita yakiwa na mizizi, punguza majani kwa juu, kisha funga mizizi kwa gazeti lililoloweshwa uitie kwenye mfuko. Safari ya kurudi Nairobi haitayaua. Mtungi mkuukuu wa mafuta ya kupikia wa lita 20, uliokatwa juu na kutobolewa chini, unatosha. Mchaichai unataka jua la kutosha, na baraza nyingi za Umoja zimezibwa na jengo la pili, kwa hiyo zungumza na keateka, yule mtunza jengo, akuruhusu kuuweka juu ya paa, pale penye kamba za nguo. Siku ambazo mfereji umekauka, maji uliyooshea mchele au sukuma yanafaa. Ya sabuni hapana. Ukitaka na mnanaa, uupe mkebe wake, kwa maana mizizi yake hutambaa na kuwasonga wenzake.

Mumeo usishindane naye. Mmiminie kikombe, umweleze shina limetoka wapi. Sidhani kama anajua.

Ila nisikilize vizuri hapa. Miezi ya kukosa usingizi si jambo la kuachia majani peke yake. Nenda hospitali umweleze daktari kama ulivyonieleza mimi, na uombe kuonana na mshauri nasaha. Ikiwa hata mara moja umewaza kwamba heri usingekuwepo, nenda leo na umwambie mumeo leo. Na kama una mimba au unameza dawa zozote, muulize daktari kabla ya kunywa mitishamba kila siku.

Majani ya kwanza usiyakimbilie. Acha shina lishike, lichipue, kisha ukate ya nje na kuyaacha ya katikati. Na siku hiyo ya kwanza kukata usinywe peke yako. Kama una ndugu hapa mjini, mwite, chemsheni sufuria nzima, mkae mumtaje mama kwa jina lake.