Jibu: Matokeo yamezidi matarajio, niandikeje kwa Kiingereza rasmi?

Habari ndugu. Nimekuelewa: lengo la ufaulu lilikuwa asilimia 70, mmepata 84, na sentensi yako ya "very good than expected" haikai sawa. Kwanza angalia matarajio yenyewe yalitoka wapi. Kama lilikuwa lengo lililoandikwa, "exceeded the target" inatosha. Kama yalikuwa makadirio, andika "higher than projected".

Neno "better" ndilo linaloponza wengi, maana halisemi kama namba imepanda au imeshuka. Kwa mfano, muda wa kusubiri ukipungua ni mafanikio, lakini tarakimu imeshuka, kwa hiyo sema "shorter than expected". Mimi nilirudishiwa rasimu mara mbili kwa kosa hilo hilo.

Halafu namba ziingie ndani ya sentensi: "The pass rate reached 84%, exceeding the 70% target by 14 percentage points." Tafadhali usiishie na "by 14%", maana kutoka 70 hadi 84 ni ongezeko la asilimia 20 (14 ni asilimia 20 ya 70). Huniuma sana kuona kazi nzuri ikitiliwa shaka kwa neno moja. Na "significantly" iache kabisa kama hukufanya jaribio la kitakwimu, yaani hesabu ya kupima kama tofauti si ya bahati tu. Wasomaji wa ripoti hulichukulia neno hilo kuwa jaribio hilo limefanyika.