Kumlilia mtu ambaye hatukuwahi kuonana naye

Ndugu, umeuliza kama si ajabu kuendelea kutazama video za mtu aliyekwisha kufariki, na kumlilia mtu ambaye hukuwahi hata kumpa mkono. Kwa maoni yangu si ajabu hata kidogo. Mfikirie Technoblade, kijana wa Kimarekani aliyesifika kwa umahiri na mizaha yake katika video za YouTube za mchezo wa kompyuta uitwao Minecraft, ambaye Agosti 2021 aliwaeleza watazamaji wake kuwa ana saratani, kisha akafariki Juni 2022 akiwa na umri wa miaka 23 tu.

Buriani yake ilisomwa na baba yake mzazi. Kijana alikuwa ameiandika saa chache kabla ya kukata roho, na humo ndimo alimotaja jina lake halisi, Alex, akawashukuru walionunua bidhaa zake kwa kuwa fedha hizo zingewasomesha ndugu zake chuoni, ikiwa wenyewe wangetaka, kwani, alitania, hakupenda kuwashinikiza akiwa marehemu. Mimi sehemu hiyo hunishinda kila mara: unacheka, na papo hapo unasikia sauti ya mzee aliyefiwa.

Edd Gould wa Uingereza, mchoraji wa katuni za Eddsworld, naye alifariki kwa saratani ya damu mwaka 2012 akiwa na umri huohuo, na rafiki zake wakaendeleza katuni zake. Basi, ndugu, tazama bila kuona haya, na ukicheka, cheka.