Barua kwa mwanangu: kuhusu ukoo wa Daniel Boone

Mwanangu,

Umeniuliza kama mwenzako wa kazini huko Lexington, anayeitwa Boone, anaweza kweli kuwa kizazi cha Daniel Boone, yule mwindaji na askari wa mpakani wa Kentucky, Marekani. Hilo ni la kuhesabu tu. Daniel na mkewe Rebecca Bryan walipata watoto 10. James aliuawa mwaka 1773 akiwa na miaka 16, Israel akafa vitani Blue Licks Agosti 1782, William alifariki akiwa mchanga. Jina la Boone lililotoka kwa Daniel likabaki kwa wana watatu: Jesse, Daniel Morgan na Nathan. Mwenzako aanze na wazazi wake, arudi nyuma kwa vyeti, wosia na hati za ardhi hadi amfikie mmoja wa hao. Wanaoanzia juu kwa shujaa wakishuka huangukia kwa wajukuu wa kaka zake bila kujua, maana majina yanajirudia: Squire ni baba, na Squire ni mdogo wake. Tena akikuta tarehe mbili za kuzaliwa asishtuke. Tarehe 22 Oktoba 1734 ni ya kalenda ya zamani. Kwa hii yetu ni 2 Novemba. Waingereza waliruka siku 11 mwaka 1752.

Mimi lakini ningeuliza lingine: mtu wa ukoo ule alifikaje jeshini? Wale walikuwa Marafiki (Quakers), dhehebu lile lile tulilopokea sisi Kaimosi kutoka kwa Wamarekani mwaka 1902. Baba yake, mfumaji na mhunzi, alitoka Devon, Uingereza. Mama yake, Sarah Morgan, alikuwa wa asili ya Wales. Marafiki hawashiki silaha. Nimewaambia tangu mkiwa wadogo kwamba mtu hulelewa kabla hajafundishwa, na mnanicheka. Haya, nakubali, baba yake alitengwa na mkutano mwaka 1748 kwa kukataa kuomba radhi mwanawe mwingine alipooa nje ya dhehebu, na kufikia 1755 Daniel alikuwa akiendesha gari la mizigo la farasi katika jeshi la Braddock, jenerali wa Waingereza. Malezi hayo yalikuwa na ufa. Ila angalia mwaka 1778.

Februari mwaka huo alikuwa Blue Licks na wanaume wapatao 30, wakichemsha maji ya chumvi. Maji yale ni hafifu. Magaloni mamia yanachemshwa kupata busheli moja ya chumvi, kama lita 35, na bila chumvi nyama ya msimu inaoza. Washawnee wa chifu Blackfish, wenyeji asilia walioungana na Waingereza katika vita vya uhuru wa Marekani, wakamkamata akiwa peke yake porini. Walikuwa njiani kuelekea Boonesborough, na ukuta wa ngome haujakamilika. Boone akawashawishi wenzake zaidi ya 25 waweke bunduki chini bila risasi hata moja, akamwambia Blackfish kwamba wanawake na watoto hawatahimili safari ya baridi, wangoje majira ya kuchipua. Blackfish akamfanya mwanawe, akamwita Sheltowee, Kobe Mkubwa. Gavana wa Waingereza kule Detroit akataka kumnunua, chifu akakataa. Juni Boone akatoroka, akakata maili 160 kwa siku nne, ngome ikajengwa upesi, na Septemba ikastahimili mzingiro.

Baada ya hapo ndipo walipomshtaki! Richard Callaway na Benjamin Logan, maofisa wenzake, walimpeleka mahakama ya kijeshi kwa kusalimisha watu na kula njama na Waingereza. Nikifika hapo namkumbuka baba yako mdogo kwenye kile kikao cha ukoo, hukumu imeshaiva kabla hajafungua mdomo. Bado inaniuma, basi niache.

Boone aliachiwa, akapandishwa kuwa meja. Lakini waliotekwa hawakuulizwa kama walitaka kuwa bei ya ngome, na baadhi walikaa utumwani miaka. Callaway alikuwa na jamaa zake kati yao. Nami ningekuwa na uchungu. Tena kuweka bunduki chini ili watoto wasife ni jambo ambalo Rafiki angelitambua, au ni hesabu tu ya mwindaji aliyeona wamezidiwa? Sitaamua. Ingawa, kama ningeketi kwenye benchi ile, Callaway angetoka amenuna.

Baba yako